Vita vya Kukana

Mashariki mwa Kongo, barabara itokayo Mweso hupita Kashuga ikielekea Kalembe na Pinga, pale Masisi inapokaribiana na Walikale. Kambi za wakimbizi wa ndani zimekuwapo hapo kwa miaka mingi, vibanda vya miti na maturubai, na vikundi vinavyowafukuza watu hao mara nyingi vina wafadhili wanaokana kuvijua.

Kukana huko si kwa jana. Oktoba 1996, kundi la waasi la AFDL la Laurent-Désiré Kabila lilipoibuka Kivu, katika Kongo iliyoitwa Zaire wakati huo, serikali ya Rwanda huko Kigali ilidai hayo ni mambo ya Wazaire wenyewe. Julai 1997, Rais Mobutu wa Zaire akiwa amekwisha kukimbia, kiongozi wa Rwanda Paul Kagame aliliambia gazeti la Washington Post kwamba Rwanda ndiyo iliyopanga na kuongoza uasi ule. Maneno mazito, lakini hayakumfikisha mahakamani.

Sheria ilikuwepo. Mwaka 1986, katika kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba kuwapa waasi silaha na mafunzo ni kuingilia nchi nyingine. Ila ukatili wa waasi hauwi wa serikali mpaka ithibitike kwamba iliwaongoza katika operesheni zenyewe. Mwanya mpana huo!

Kongo iliuonja. Desemba 2005 iliishinda Uganda katika mahakama hiyo: kulifunza kundi la waasi la MLC la Jean-Pierre Bemba lilikuwa kosa, lakini matendo ya MLC hayakubebeshwa Kampala. Fidia, dola milioni 325, ilipangwa 2022. Kesi dhidi ya Rwanda ilikwama Februari 2006, kwa kuwa mahakama haikuwa na mamlaka juu yake.

Hata hivyo, Februari 2025, kwa azimio namba 2773, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililitaja Jeshi la Rwanda kwa jina, likilitaka liache kuwasaidia waasi wa M23 na liondoke Kongo.