2,147,483,647: namba ya Euler inayotusubiri alfajiri

Weka alama kwenye kalenda yako: Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi, sekunde ya 7. Ukiwa Iguguno muda huo jua litakuwa bado halijachomoza, na watu ndio kwanza wanachukua majembe. Sekunde hiyohiyo kompyuta za zamani zitakazokuwa bado kazini zitaishiwa na hesabu. Zinahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 (kwetu ilikuwa saa 9 usiku), na namba kubwa kabisa zinayoweza kuishika ni 2,147,483,647.

Hiyo namba unaipata ukizidisha 2 mara 31, yaani 2×2×2 na kuendelea, halafu ukatoa 1. Mwaka 1644 padre Mfaransa, Marin Mersenne, aliitaja kuwa ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Uthibitisho hakutoa. Ulikuja mwaka 1772 kwa Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg, macho yake yakiwa karibu hayaoni kabisa.

Hebu fikiria kazi yenyewe. Inatosha kujaribu vigawo hadi mzizi wa pili wa namba, ambao ni 46,340 na ushee. Namba tasa hadi hapo ni karibu 4,800, na kila moja ni hesabu ndefu ya kugawanya kwa mkono! Euler hakuingia mtego huo. Alijua kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Chekeche hilo linaacha namba tasa zisizofika 100. Hakuna hata moja iliyoigawa.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba huenda hakuna atakayejisumbua kuivuka, kwani mambo haya yanapendeza tu, hayana faida. Kwenye kupendeza alipatia. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha namba tasa yenye tarakimu 39. Na faida? Kompyuta ya biti 32 hutenga biti moja kwa ajili ya alama ya kutoa, zinabaki 31. Zote zikiwa 1, umepata namba ya Euler. Ongeza 1 tu, inageuka hasi.

Usidhani ni habari ya sekunde peke yake. Tuseme mnunuzi wa alizeti pale Iguguno ana programu inayotunza hesabu kwa senti, kwa biti 32. Jumla itagota kwenye shilingi 21,474,836 na senti 47. Senti moja zaidi, daftari linasema anadaiwa milioni 21. Na msimu wa mavuno hizo si hela za kushangaza.

Mashine mpya nyingi zinatumia biti 64, ambazo kwa sekunde zinatosha miaka bilioni 292. Kama una simu kuukuu isiyo na kitu cha maana ndani, ipeleke tarehe 20 Januari 2038 uone itakachokuonesha. Ya kazini usiiguse.