Pindo, Mji na Jina: Vazi la Kale kama Matini, kutoka Harajuku hadi Kibera na Kawangware

Wahakiki wetu wamekwisha kuizoea kanga kama matini. Hakuna tena anayeshtuka akiambiwa kwamba nguo yenye pindo, mji na jina husomwa, na kwamba mvaaji huweza kuutuma mgongo wake useme lile ambalo kinywa kimelionea haya. Jambo lililopewa uzito mdogo ni mahali matini hayo yalikochapishwa. Katika miongo iliyofuata Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, sehemu kubwa ya kanga zilizouzwa Afrika Mashariki zilitoka Japani. Methali na mafumbo ya wanawake wa Kiswahili yalipigwa chapa na watu wasiojua maana yake, yakavuka bahari, yakapata wasomaji wake Mombasa na Unguja. Kabla ya hapo palikuwa na merikani. Jina lilibaki la Marekani, lakini kufikia miaka ya 1930 kitambaa chenyewe aghalabu kilikuwa cha Kijapani, kwa kuwa mapatano ya kimataifa juu ya bonde la Kongo, yaliyotokana na Mkutano wa Berlin wa 1884-1885, yaliwazuia Waingereza kuzipendelea bidhaa zao kwa ushuru katika eneo hili.

Tunayataja haya mwanzoni kwa sababu moja. Kijana wa Nairobi anapovutiwa na mavazi ya Kijapani, husemwa kwamba anaiga mambo ya mbali yasiyomhusu. Umbali huo si mkubwa kama unavyodhaniwa. Makala haya yanakusudia kulisoma vazi liitwalo lolita sambamba na mavazi ya kale ya mitaa miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware, na kuuliza: avaaye wakati uliopita, huvaa wakati wa nani, na kwa gharama gani?

Lolita ni mtindo uliokomaa katika mtaa wa Harajuku, Tokyo, katika miaka ya 1980 na 1990. Jina linakumbusha riwaya ya Nabokov ya 1955, lakini vazi lenyewe huusitiri mwili: sketi iliyotunishwa kwa gagulo, marinda, lesi, tepe, soksi ndefu. Sura yake imekopwa kutoka mtindo wa rokoko wa Ufaransa ya karne ya 18 na kutoka Uingereza ya Malkia Victoria. Kuna tawi lake, wa-lolita, ambalo huunganisha kola na mikono ya kimono na sketi hiyo ya marinda. Kwa hiyo ni vazi la historia mbili, na mojawapo si ya mvaaji.

Mtindo huu ulipata riwaya yake mwaka 2002, *Shimotsuma Monogatari* ya Takemoto Novala, iliyofanywa filamu mwaka 2004. Mhusika mkuu, Momoko, anaishi katika mji wa mashamba mkoani Ibaraki na anatamani angalizaliwa Ufaransa ya rokoko. Baba yake amewahi kuishi kwa kuuza nguo zenye nembo bandia za Versace. Msomaji aliyepita soko la Toi, kando ya Kibera, ambako mzigo wa mitumba hufunguliwa na wenye bahati huchukua "kamera", yaani nguo za chaguo la kwanza, hatamwona baba huyo kuwa mgeni. Rafiki wa Momoko, Ichigo, ni mwanachama wa genge la wasichana waendesha pikipiki, ambao makoti yao hutariziwa maneno ya kiapo na majigambo. Na Momoko ndiye anayelitarizi koti la mwenzake. Hapo ndipo riwaya inapoikaribia kanga. Wasichana wawili wasiolingana kwa lolote wanakutana juu ya nguo iliyoandikwa.

Hata hivyo, yatupasa kutahadhari. Gauni la Kizungu halikuingia Japani kama ndoto ya msichana. Liliingia kwa siasa: mwaka 1883 ukumbi wa Rokumeikan ulifunguliwa Tokyo ili wakubwa wacheze dansi kwa mavazi ya Ulaya, na mwaka 1887 Malkia mwenyewe akawahimiza wanawake wa nchi yake kuvaa hivyo. Ilichukua karibu karne moja kwa amri ile kugeuka mchezo.

Katika nyanda za Dagoretti, ilipo Kawangware, gauni nalo lilikuja na mamlaka. Misheni ya Kanisa la Skotilandi ilihamia Ugikuyu mwaka 1898, na makao yake ya Thogoto hayako mbali. Wafuasi wake waliitwa *athomi*, maana yake wasomaji, nao walitambulikana kwa nguo kabla hawajafungua kitabu: aliyeacha *muthuru* wa ngozi na kuvaa gauni la pamba alikuwa amekwisha kujitangaza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 likatokea jibu. Wakorino waliisoma Biblia ileile, wakakataa vitu vya Wazungu, na kilemba cheupe kikawa alama yao. Kama Momoko, walichagua wakati uliopita ambao haukuwa wa babu zao, nao waliukuta kitabuni. Ila wao hawakuachwa wacheze. Mwaka 1934 polisi wa kikoloni waliwaua watatu miongoni mwao katika msitu wa Ndarugu.

Kibera ndiko suala hili linakouma zaidi. Jina latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi, askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan pamoja na jamaa zao, walianza kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Wanawake wao wamelihifadhi *gurbaba*, shuka la rangi kali la kujifunga, ambalo huonekana hasa arusini na katika sherehe. Vazi hili ni ushahidi wenye makali mawili. Laonyesha kwamba jamii hii imeishi Kibera ikiwa na mila zake kwa zaidi ya karne. Papo hapo, kwa jicho la asiyewatakia mema, lasema kwamba walitoka kwingine. Vijana wa Kinubi walihojiwa mno kabla ya kupewa kitambulisho, hata Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto ikaamua mwaka 2011 kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wao. Hati ya ardhi ya jamii, ya ekari 288, waliipata Juni 2017.

Je, *gurbaba* laweza kukutanishwa na gagulo, kama kimono ilivyokutanishwa? Kwa ushonaji, hapana shaka. Fundi ambaye kila wiki hufumua koti la Ulaya na kulishona upya hatashindwa na marinda. Lakini kimono haikumdai mvaaji wake uthibitisho wa uraia. *Gurbaba* limekuwa likidaiwa. Kwa sababu hiyo sisi tunaonelea kwamba uamuzi wa kulichanganya ni wa wanaolivaa, wala si wa kamati. Mwaka 2004 Kenya ilizindua vazi la taifa lililobuniwa kwa mashindano na wataalamu, likiwa na kidogo cha kila jamii. Lilipigwa picha sana. Mitaani halikuvaliwa.