Safari ya Bagamoyo

Wasikilizaji wangu, mtu aondokaye Dar es Salaam alfajiri aweza kuizuru Bagamoyo na kurudi kwake siku ile ile, kwani mwendo ni kilomita 70 hivi. Lakini zamani, kwa watu wa bara, kufika Bagamoyo ilikuwa kazi ya miezi. Wapagazi wa Unyamwezi walishuka na pembe za ndovu mabegani, na watumwa waliletwa kwa njia hiyo hiyo.

Katika misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka wa 1868, lipo kanisa la kale lenye mnara. Hapo misheni ndipo ilipolazwa maiti ya msafiri David Livingstone mwezi wa Februari 1874. Alikufa mwezi wa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watumishi wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakauchukua miezi mingi hata pwani. Wangaliweza kumzika huko huko na kwenda zao.

Maiti ilipopakiwa merikebuni, Susi na Chuma, viongozi wa msafara ule, waliachwa nyuma. Mwenzao Jacob Wainwright ndiye aliyeisindikiza hata London, ikazikwa Aprili 1874. Wale wawili waliitwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha.

Basi, ufikapo chini ya mnara ule, usimkumbuke aliyechukuliwa tu. Wakumbuke na waliomchukua.