Anne Makinda: Kutoka Uwemba hadi Kiti cha Spika

Anne Semamba Makinda, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania, alizaliwa tarehe 26 Julai 1949 katika Wilaya ya Njombe, enzi za utawala wa Waingereza Tanganyika. Masomo aliyaanzia Uwemba, kusini mwa mji wa Njombe, katika nchi ya Wabena. Huko Juni na Julai baridi ni kali, na mashamba ya viazi mviringo yanapakana na misitu ya kupandwa. Uwemba ni mahali pa misheni ya Wabenediktini, shirika lililokuwa na kituo chake kikuu Peramiho, karibu na Songea. Kwa watoto wengi wa nyanda hizo, hasa wasichana, shule ilimaanisha kwanza misheni, kisha kuaga nyumbani. Makinda naye aliifuata njia hiyo: kutoka Uwemba alikwenda shule ya kati ya Peramiho, halafu sekondari ya Masasi, kisha Kilakala mjini Morogoro, na hatimaye akasomea uhasibu Mzumbe.

Aliingia Bungeni mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 26. Mwaka huohuo kazi ya kutandika reli ya TAZARA, inayopita Makambako, ilikamilika, na Njombe ikawa karibu zaidi na nchi nzima. Bunge lilikuwa likikutana katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Aliyekalia kiti cha Spika alikuwa Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe wa Iringa, majirani wa Wabena. Nchi ilikuwa na chama kimoja, na mwaka huo Katiba ilirekebishwa ili kukipa chama madaraka ya juu kuliko vyombo vyote. Wanawake Bungeni walikuwa wachache. Njia ilikuwa imefunguliwa na kina Bibi Titi Mohamed na Sophia Mustafa, lakini mawaziri wa kwanza wanawake, Tabitha Siwale na Julie Manning, waliteuliwa na Mwalimu Nyerere mwaka huohuo wa 1975. Binti aliyeingia Bungeni wakati huo hakuwa na mifano mingi ya kuifuata.

Mwaka 1983 Makinda aliteuliwa kuwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Edward Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na baada yake wakafuata Salim Ahmed Salim na Joseph Warioba. Mwaka 1990 Makinda akawa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Wanawake na Watoto. Ni katika kipindi hicho, mwaka 1992, serikali ilipotoa Sera ya Wanawake katika Maendeleo, hati iliyoweka masuala ya ardhi, elimu na mikopo ya wanawake katika mipango ya serikali. Katika miaka ya 1990 alikuwa pia Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma, mkoa wenye Peramiho, alikowahi kuwa mwanafunzi.

Mfumo wa vyama vingi uliorejeshwa mwaka 1992 ulibadili kazi ya mbunge. Kuanzia uchaguzi wa 1995, mgombea wa Chama Cha Mapinduzi (CCM) alilazimika kushindana na vyama vingine mbele ya wapiga kura. Makinda aliwakilisha jimbo la Njombe Kusini, ambamo Uwemba imo, hadi mwaka 2015. Wakati wa ubunge wake Njombe, iliyokuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa, ikawa mkoa kamili mwaka 2012, na mji wa Njombe ukawa makao makuu yake.

Ndani ya Bunge alipanda ngazi moja baada ya nyingine. Alianza kuongoza vikao akiwa Mwenyekiti wa Bunge, enzi za Spika Pius Msekwa. Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa Naibu Spika, chini ya Samuel Sitta. Kazi hiyo haisomewi darasani. Anayekalia kiti husikiliza mbunge akisimama na kusema, "Naomba mwongozo wako," mwingine akidai kutoa taarifa, wa tatu akilalamika kuhusu utaratibu, huku waziri akingoja zamu yake ya kujibu. Lazima azijue Kanuni za Kudumu barabara, kwa sababu uamuzi hutakiwa papo hapo. Mwisho wa mjadala huwahoji wabunge: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Kelele zikikaribiana, yeye ndiye anayepima sauti na kutamka walioshinda. Makinda alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa kabla ya uspika kuwa wake.

Nafasi hiyo ilikuja Novemba 2010. Kamati Kuu ya CCM iliamua kwamba wakati umefika wa kuwa na Spika mwanamke, na majina matatu iliyoyapitisha yote yalikuwa ya wanawake: Anna Abdallah, Kate Kamba na Anne Makinda. Wabunge wa chama wakamchagua Makinda. Kwa kuwa Katiba inaruhusu hata asiye mbunge kugombea uspika mradi ana sifa za kuwa mbunge, chama cha upinzani cha CHADEMA kilimsimamisha wakili Mabere Marando. Kura zilipigwa kwa siri tarehe 12 Novemba, na Makinda akashinda kwa kura 265 dhidi ya 53. Mwezi Mei mwaka uliofuata, Uganda nayo ilipata Spika wake wa kwanza mwanamke, Rebecca Kadaga.

Bunge hilo la Kumi lilikuwa gumu kuliongoza. CHADEMA ilikuwa na wabunge 48, na siku Rais Jakaya Kikwete alipolihutubia, tarehe 18 Novemba, wabunge hao walitoka ukumbini. Aprili 2012 Zitto Kabwe, mbunge wa CHADEMA, alikusanya saini za kutaka kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Makinda alisimamia Katiba, inayotaka taarifa ya siku 14, na hoja haikuingia katika mkutano ule. Hata hivyo, Mei mawaziri sita waliachwa nje ya baraza jipya. Novemba 2014 Bunge lilijadili ripoti kuhusu kashfa ya fedha zilizochotwa katika akaunti ya Tegeta Escrow na kupitisha maazimio. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu, Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa, na Waziri Sospeter Muhongo naye akajiuzulu Januari 2015. Wapinzani walimlaumu Makinda mara nyingi kwamba anakipendelea chama chake, na lawama hizo ziliongezeka Julai 2015, wabunge wa upinzani waliposimamishwa wakati miswada ya mafuta na gesi ikipitishwa haraka. Pamoja na hayo, Bunge aliloliongoza lilichunguza fedha za umma hadi mawaziri wakapoteza vyeo, jambo ambalo lisingewezekana katika Bunge alilolikuta mwaka 1975.

Makinda hakugombea tena katika uchaguzi wa Oktoba 2015, akahitimisha miaka 40 tangu aingie Bungeni. Baadaye aliongoza Bodi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alimteua kuwa Kamisaa wa Sensa ya Watu na Makazi, na msomi huyo wa uhasibu akazunguka nchi kuwahimiza wananchi wakubali kuhesabiwa. Sensa ilifanyika kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, na matokeo yake yalionyesha kuwa Tanzania ina watu 61,741,120. Mwaka huohuo, mwezi Februari, Tulia Ackson alichaguliwa kuwa Spika. Alikuwa mwanamke wa pili kukalia kiti hicho, na safari hii hakuwa tena wa kupasua njia.