Nyambizi na Watu wa Bara

Kwetu Dodoma maji ni kitu cha kuchimbwa. Kiangazi kikikaza, kina mama huufukua mchanga wa mto mkavu, wakaketi kungoja kisima kijae kata moja. Mtu aliyelelewa hivyo huwezi kumweleza kifo cha maji akakuelewa.

Ndiyo maana nilipokuwa mtoto sikumwelewa mzee mmoja jirani yetu, askari wa zamani wa KAR aliyepigana Burma, aliposema kwamba katika vita vyote hakuna alichokiogopa kama bahari.

"Na Wajapani je, babu?" nilimwuliza.

"Mjukuu wangu, Mjapani wa msituni utamsikia akikanyaga jani. Wa majini humsikii."

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27, ndipo nikajua alisema nini.

Nyambizi hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100. Ilijengwa Sasebo, ikaanza kazi Februari 1942. Mei mwaka huohuo ilibeba nyambizi ndogo ya watu wawili hadi karibu na bandari ya Sydney. Ile ndogo ilinasa katika wavu, na watu wake wakajilipua. Siku chache baadaye I-27 ikaizamisha meli ya Iron Crown katika pwani ya Australia. Kisha ikahamia Penang na kuwinda katika Bahari ya Hindi. Juni 1943 iliipiga meli ya Dah Pu huko Muscat.

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli tano za abiria ziliondoka Mombasa kwenda Colombo, zikilindwa na manowari. Mojawapo, Khedive Ismail, ilichukua watu zaidi ya 1,500. Kati yao 996 walikuwa askari na maofisa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia, na wauguzi wa kike. Tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, topido mbili za I-27 ziliipiga. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297.

Lakini msiba haukuishia hapo. Nyambizi ilijificha chini, mahali palepale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari Petard na Paladin zilikuwa na hiari mbili: kuwaokoa watu na kuiacha iwinde meli zilizobaki, au kuangusha mabomu ya chini ya maji katikati ya watu wao wenyewe. Mabomu yakaangushwa. Nyambizi ilipoibuka, Paladin ilijaribu kuigonga, ikapasuka yenyewe. Petard ikaifyatulia topido moja baada ya nyingine, hata ya saba ikaivunja. Takribani mabaharia wake wote walikufa.

Simhukumu nahodha aliyetoa amri ile. Maelfu walikuwa katika meli zile nyingine nne, na hesabu yake haikuwa na kosa. Ninachouliza ni nani aliyelipa. Askari wetu hawakuwa wameanzisha ugomvi huo, wala hawakushauriwa juu yake. Jirani yangu alizaliwa wakati wa Mtunya, njaa kuu ya Ugogo iliyofuata vita vya kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Vita vya wageni vilimnyima maziwa akiwa mchanga. Vita vingine vya wageni vikamvusha bahari akiwa kijana.

Historia ya I-27 imeandikwa tangu siku ilipoanza kazi hadi siku ya kufa kwake: safari, shabaha, topido. Askari aliyezama na Khedive Ismail ana jina lake tu katika mnara wa kumbukumbu kwenye makaburi ya vita Nairobi. Alipenda nini, alimwacha nani nyumbani akingoja treni, mnara hausemi.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini nyasi huota tena. Mzee wangu amekwisha fariki, nami najuta kwamba siku ile, badala ya kumwuliza alikuwa na rafiki gani baharini, nilicheka.