Sheria juu ya Mimba: Ilikotoka, na Hofu Iliyotuachia



Juma lililopita, baada ya mkutano wa akina mama parokiani, mama mmoja alibaki nyuma hadi wenzake walipoondoka. Kisha akatuuliza kwa sauti ya chini: “Baba Paroko, mwanamke mimba ikimtoka na damu isikatike, akienda hospitali si atakamatwa?” Hatukumwuliza alikuwa anamsemea nani. Tulimjibu kwamba aende, tena upesi. Lakini hofu ile haikuzuka jana. Ina historia yake, na leo tumeona vema tuieleze.

Tuanze na Kanisa lenyewe. Tangu nyakati za Didake, mojawapo ya maandiko ya kale kabisa ya Kikristo nje ya Biblia, kutoa mimba kumehesabiwa kuwa dhambi nzito. Hata hivyo, wataalamu wa kale, akiwemo Mtakatifu Tomaso wa Akwino, walifuata elimu ya viumbe ya Aristotle, aliyedhani kuwa mtoto wa kiume hukamilika umbo lake tumboni siku ya 40 hivi, na wa kike siku ya 90 hivi. Kwa sababu hiyo adhabu za Kanisa zilitofautiana kulingana na umri wa mimba, ijapokuwa tendo lenyewe halikuhalalishwa kamwe. Mwaka 1827 Karl Ernst von Baer alieleza kwa mara ya kwanza yai la uzazi la mamalia alivyoliona kwa darubini, na elimu ile ya kale ikazidi kupoteza nguvu. Mwaka 1869 Papa Pio IX alitangaza adhabu ya kutengwa bila kutofautisha tena umri wa mimba.

Sheria ya Uingereza ilipita njia inayofanana. Sheria ya mwaka 1803 iliweka adhabu ya kifo kwa aliyetoa mimba ambayo mtoto alikwisha kuanza kucheza tumboni, na adhabu nyepesi zaidi kabla ya hapo. Tofauti hiyo iliondolewa mwaka 1837, pamoja na adhabu ya kifo. Kisha sheria ya mwaka 1861 ikaweka kifungo cha hadi maisha.

Wakoloni walipotuandikia sheria, walichota katika kisima hicho. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ilianza kutumika mwaka 1930, na hadi leo vifungu vya 150 hadi 152 vinaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, miaka 7 kwa mwanamke anayejitoa mwenyewe, na miaka 3 kwa anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumiwa kwa kazi hiyo. Lakini kifungu cha 230 cha kanuni hiyohiyo kinamkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa uhai wa mama.

Maana ya maneno “kuokoa uhai” iliamuliwa mbali na kwetu. Mwaka 1938, jijini London, daktari Aleck Bourne alimtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari, kisha akajipeleka mwenyewe mbele ya sheria. Jaji Macnaghten aliliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba kuokoa uhai kwaweza kuwa pia kumwepusha mwanamke na madhara makubwa ya mwili au akili. Bourne akaachiwa huru. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliufuata mtazamo huo katika shauri la daktari mmoja wa Kenya. Lakini Bourne mwenyewe, katika miaka ya 1960, alipinga kuilegeza sheria ya Uingereza, akawa miongoni mwa waasisi wa chama cha kuwatetea watoto ambao hawajazaliwa.

Sisi Wakatoliki hatuwezi kuufuata uamuzi ule wote, kwa maana mtoto wa binti yule hakuwa na kosa. Lakini wala haifai tukadhani kuwa Kanisa linamwacha mama afe. Papa Pio XII alifafanua mwaka 1951 kwamba tiba inayohitajika kweli kwa ajili ya mama, isiyomlenga mtoto, yaweza kutolewa hata kama kifo cha mtoto kinatazamiwa kufuata bila kukusudiwa. Ndiyo maana mfuko wa uzazi wenye saratani waweza kuondolewa, na vivyo hivyo mrija ulioharibika kwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi.

Sasa turudi kwa mama yule na swali lake. Mimba nyingi hutoka zenyewe, bila kosa la mtu. Nyingine hutolewa kwa vijiti, kwa mizizi, kwa vidonge vilivyonunuliwa gizani. Katika hali zote mbili kinachoua ni kilekile: damu isiyokatika, mabaki yaliyooza ndani, na sumu inayoenea mwilini. Na dawa yake ni ileile: kusafishwa mfuko wa uzazi, antibiotiki, na damu ya kuongezewa, mapema. Sheria inaadhibu kutoa mimba. Haimkatazi mganga kumtibu mwanamke anayevuja damu, hata kama amejidhuru mwenyewe. Imani yetu nayo haimkatazi, inamwamuru. Msamaria hakuuliza kwanza yule majeruhi alifuata nini katika njia ile.

Na kwa yule ambaye kweli alitenda, mlango ungali wazi. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Evangelium Vitae, alizungumza na wanawake hao moja kwa moja, akiwasihi wasikate tamaa. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuondolea dhambi hiyo katika kitubio. Asiwepo anayesema, “Kwangu mimi hakuna padre.”

Ndugu wapendwa, binti akikujia usiku akitetemeka, usianze na hukumu. Tafuta usafiri. Maswali yatapata siku yake, akiwa hai.