Mulika Mwizi na Jua la Mchana: Mwanga wa Eastlands kwa Kipimo cha Jicho

Historia ya mwanga katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, husimuliwa kama safari ya kupanda: koroboi ya mkebe, kisha taa ya chimni, kisha balbu ya stima, na mwishowe zile taa za mlingoti mrefu ambazo wakazi walizibatiza mulika mwizi. Simulizi hiyo inausema ukweli wa usiku tu. Ukiuliza jicho la mtoto limepata mwanga kiasi gani kuanzia asubuhi hadi magharibi, mstari unaanza kushuka, na umekuwa ukishuka tangu miaka ambayo jiji linajisifu kuwa limemulikwa.

Jicho ni kiungo chenye kiu kubwa ya damu. Retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga, hutumia oksijeni nyingi kuliko karibu tishu yoyote nyingine ya uzito uleule. Damu huifikia kwa njia mbili. Kuna mishipa myembamba iliyotandaa juu yake, ile ambayo Hermann von Helmholtz aliwawezesha madaktari kuiona ikiwa hai alipobuni chombo chake cha kuchungulia jicho mwaka 1851. Na kuna koroidi, tabaka la mishipa lililo nyuma ya retina, ambalo ndilo hupitisha sehemu kubwa ya damu yote ya jicho. Mwanga huigusa mikondo yote miwili. Taa inayopepesa hutanua mishipa ya retina, kwa kuwa neva zinazofanya kazi huita damu zaidi. Mtu akitoka mwangani kuingia gizani, mtiririko wa koroidi hupungua, ingawa seli za kuonea usiku hutumia oksijeni nyingi zaidi gizani kuliko mchana, jambo ambalo wengi wangedhani ni kinyume. Koroidi hiyohiyo hubeba joto linaloletwa na mwanga mkali, na hunenepa au kukonda jicho linapokua. Kwa vifaranga na nyani wa maabara, mwanga mkali umezuia jicho kurefuka kupita kiasi, urefu ambao humfanya mtu asione mbali. Kwa watoto ushahidi mzito ulitoka Guangzhou, China, katika jaribio la shule 12 lililochapishwa mwaka 2015. Katika shule zilizoongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku, baada ya miaka mitatu watoto kama 30 katika kila 100 walikuwa wamepoteza uwezo wa kuona mbali, dhidi ya karibu 40 katika shule nyingine.

Sasa turudi Nairobi tukiwa na kipimo hicho. Daktari W. J. Simpson alipotoa ripoti ya afya ya mji mwaka 1913, hofu ilikuwa tauni, na dawa aliyopendekeza ilikuwa kuwatenga watu kwa rangi zao. Tangu hapo lugha ya usafi ikawa hoja ya kuwahamisha Waafrika kuliko kuwajengea; mtaa wa Pangani ulibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na Shauri Moyo ikajengwa kuwapokea waliofukuzwa. Hata hivyo, miaka ya 1940 ilileta Kaloleni, mtaa uliochorwa kwa kufuata fikra ya Kiingereza ya mji wa bustani: nyumba za chini zimezunguka viwanja vya nyasi, na ukumbi wa jamii katikati. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikimtafuta kibarua mtulivu, wala haikuwa na habari na koroidi ya mwanawe. Vyumba vilikuwa finyu na vilijaa. Lakini kwa kuwa ndani hapakukalika, maisha yalihamia nje, chini ya anga ambalo adhuhuri hushusha mwanga wa laksi 100,000 au karibu na hapo, wakati chumba chenye balbu hakifikishi hata mia chache.

Dandora ilipoanza katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na ploti 6,000, na Umoja ikaja na nyumba zake ndogo za familia, ramani bado zilikuwa za majengo ya chini. Mwenye ploti ndiye aliyezigeuza. Mtafiti Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kinachoilinganisha Nairobi na Berlin ya karne ya 19, alionyesha jinsi vyumba vya kupangisha vilivyorundikwa ghorofa juu ya ghorofa huku sheria za ujenzi zikiwepo na kupuuzwa. Hesabu ya jua hapa ni rahisi, kwa sababu Nairobi iko karibu sana na ikweta. Chukua kichochoro cha mita 3 kati ya majengo ya mita 20. Kikielekea kaskazini na kusini, jua hugusa ardhi yake saa moja na ushei tu, adhuhuri, wakati watoto wako darasani. Kikielekea mashariki na magharibi, hupata jua tele Machi na Septemba, lakini Juni na Desemba hakipati hata mwale. Mitaa ya Pipeline na Huruma imejaa vichochoro vya namna hiyo, na humo ndimo watoto wanamochezea.

Mtu atasema huku ni kuipamba koroboi. La, koroboi ilitoa moshi, ilichoma nyumba, na ilimlazimu mwanafunzi akibandike kitabu usoni. Wala sina ugomvi na mulika mwizi, maana mama anayerudi kutoka kazini saa tatu usiku anajua thamani yake. Ila taa ile, hata ing'are vipi, hutoa sehemu ndogo sana ya mwanga wa siku ya mawingu. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba watoto wa Afrika hawaathiriwi na tatizo hili kama wale wa Asia ya Mashariki. Ni kweli, na wataalamu bado wanabishana kama damu ya koroidi ndiyo chanzo au ni dalili tu. Lakini hata barani Afrika watoto wa mijini huathirika kuliko wa vijijini, na Asia ya Mashariki haikuwa hivi ilivyo vizazi vitatu vilivyopita. Nayo ilifika hapo kwa masomo marefu ndani ya majengo marefu.

Mitaa ya zamani sasa inabomolewa kupisha maghorofa. Pangani ile iliyojengwa upya baadaye imetangulia, na Makongeni na Shauri Moyo zimo katika mpango wa nyumba za bei nafuu. Mjadala wa hadhara umekuwa juu ya nani atapewa ufunguo na kwa bei gani, na ni haki kuanzia hapo. Upana wa nafasi kati ya jengo na jengo, na upande inakoelekea, hauulizwi, ingawa kivuli cha Juni kinaweza kuchorwa kwa rula na penseli kabla tingatinga halijafika.